Naombeni ushauri, betri inarudisha umeme kwenye konveta inaungua

Wakuu habari, niko Mikindani, nina konveta ya kushusha volti 24 za sola, upande wa kutoa nimeiseti 13.8 nikaunga betri ya taa za ngalawa. Sasa jua likizama sola inakata ila betri bado ina volti zake, zinarudi kinyumenyume zinapita kwenye mosfeti (swichi ya kielektroniki ndani ya konveta), hii ni konveta ya pili kuungua, jana moshi mpaka mama watoto kakimbilia nje. Fyuzi ipo, ya ampea 15, haikusaidia kitu.

Fundi kasema niweke dayodi ya Schottky (kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye autiputi, sawa, ila ile inakula kama nusu volti, kwa ampea 10 ni wati 5 za joto si itachemka kama chungu? Nikipandisha konveta iwe 14.3 kufidia ni salama? Au bora mosfeti badala ya dayodi? Aliyewahi kufunga anielekeze jamani.