Rangi za picha za harusi zinabadilika kila nikihama mwanga, naombeni ushauri

Picha_za_Ziwani
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Jumamosi nilipiga harusi hapa Mwanza. Mchana kanisani, jioni pembeni ya ziwa na Bismarck Rock nyuma ya maharusi, usiku ukumbini. Mizani ya weupe, ile WB ya kwenye kamera inayosawazisha rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe, niliiacha oto siku nzima. Kufungua picha kwenye kompyuta nikaishiwa nguvu. Kanisani gauni lile lile picha hii ni la njano, inayofuata lina ukijani, na mimi sijasogea hata hatua. Kule ziwani, ile dhahabu ya jua kuzama ambayo ndiyo maharusi waliyoifuata, kamera imeipunguza mpaka panaonekana kama mchana wa mawingu. Ukumbini ndiyo balaa: shavu moja la bibi harusi la chungwa, lingine la bluu.

Natumia Nikon D7200, lenzi ya 50 mm na flashi moja. Nilipiga JPEG tu. Harusi nyingine ni wiki tatu zijazo. Nianzie wapi?

Mzee wa Fremu
Piga RAW, mkuu, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kwenye RAW WB haijagandishwa ndani ya picha, unaibadilisha nyumbani bila kuumiza chochote. JPEG ukiivuta sana ngozi inachakaa.

DadaLenzi
Mzee wa Fremu yuko sahihi, ila RAW haikuokoi shavu la bluu na la chungwa kwa pamoja, na ukiwa na picha 1,200 za kurekebisha moja moja utamkabidhi mteja kazi mwezi ujao. Kaka, jifunze kuipata pale pale.

Oto inakisia. Ikiona chungwa limejaa kwenye fremu inadhani ni kosa la taa, inaongeza bluu ili kusawazisha. Ndiyo maana jua lako limepotea. Jioni weka alama ya jua, kwa Nikon ni kama kelvini 5,200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), halafu usiiguse. Dhahabu itabaki. Ukitaka joto zaidi nenda alama ya kivuli, hiyo ni 8,000. Wengi hapa huchanganyikiwa: mwanga wa kelvini nyingi una ubluu, lakini namba ikipanda kwenye kamera picha inakuwa ya njano, kwa sababu kamera inajazia kile inachodhani kimepungua.

Kwa ndani ya jengo, nunua kadi ya kijivu ya kupimia WB. Shika kitufe cha WB, zungusha gurudumu mpaka PRE, yaani WB unayoipima mwenyewe, achia, kisha shika tena WB mpaka PRE ianze kumweka. Piga ile kadi ikiwa imejaza fremu. Ukiona Gd inamweka kwenye tundu la kuangalia, imekubali. Kadi ikae pale alipo bibi harusi, ipokee mwanga unaopiga uso wake. Nimeona watu wanaipima wakiwa mlangoni kwenye mwanga wa jua, wakati maharusi wako altareni chini ya taa. Hapo umepima mwanga usiokuhusu.

Na tafadhali usipime kwa gauni. Nguo nyeupe na karatasi nyingi zina dawa ya kung'arisha, jua likipiga zinatoa ubluu ambao jicho linauona kuwa ni weupe. Ukipimia hapo, ngozi zote zitaegemea njano.

Picha_za_Ziwani
Asante sana dada. Lakini kanisani sikusogea na taa zilikuwa zile zile. Mbona rangi ziliruka picha kwa picha?

Fundi_wa_Choki
Kanisa lina tyubulaiti za zamani, zile za choki na stata? Kasi ya shata ilikuwa ngapi?

Picha_za_Ziwani
Ndizo hizo. Nilikuwa 1/500 ya sekunde.

Fundi_wa_Choki
Basi tatizo lako la kanisani si WB. Umeme wetu ni hezi 50, tyubu ya choki inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na rangi yake inabadilika ndani ya kila mpigo. Kwa 1/500 unakata kipande tu cha mpigo, mara chenye ukijani, mara chenye unjano. Shusha mpaka 1/100 au 1/50, kila picha itabeba mpigo mzima. Kapige kumi mfululizo kwa kila kasi, ulinganishe.

DadaLenzi
Hili la fundi lizingatie sana.

Ukumbini sasa. Flashi yako iko kama 5,400, balbu za ukumbini zenye unjano ziko karibu 3,000. Hakuna namba moja inayotosha zote mbili. Funika flashi kwa plastiki ya chungwa iitwayo CTO, itashuka mpaka kama 3,200, kisha weka kamera hapo hapo. Uso na ukuta vitakubaliana. Taa za rangi za DJ hazina dawa. LED ya bluu tupu haina wekundu wa kurudishwa na programu yoyote. Ongea na DJ na MC mapema: wakati wa kukata na kulishana keki, ziwake nyeupe tu.

Picha_za_Ziwani
Nimetoka kanisani sasa hivi. Kwa 1/500 zimeruka vile vile, kwa 1/100 picha kumi zote gauni ni moja! Mungu awabariki. CTO nimeikosa madukani hapa, naiagiza Dar. DJ wa harusi ijayo nimeshampigia, amekubali.

Na zile za Jumamosi nifanyeje?

Mzee wa Fremu
Za ziwani ongeza joto kidogo kidogo, zitarudi. Za kanisani zipange kwa makundi, za kijani peke yake na za njano peke yake, urekebishe kundi zima. Zile za shavu la bluu chagua zilizokaa vizuri, ugeuze ziwe nyeusi na nyeupe. Nyingine usimpe mteja.