Kunong'ona dua ndani ya ndege limekuwa kosa?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Kijiweni kwetu Tabata tumebishana mpaka muuza kahawa akafunga, nikaona bora nilete hapa tuchangie wengi.

Hoja yangu: abiria ambaye hajavunja sheria yoyote asishushwe kwenye ndege eti kwa sababu kuna mtu hakupendezwa na anavyokaa. Anatoka jasho, ananong'ona, haachi kwenda msalani, anaandika mambo yasiyosomeka. Sawa, mfuateni, muulizeni, fungueni begi lake. Mkikuta safi, arudi kitini. Siku hizi mtu anateremshwa kwanza na kuulizwa baadaye, na akimaliza kujieleza ndege yake iko juu ya mawingu.

Mnaosema natia chumvi, someni hizi. Mei 2016, Philadelphia, mwanamke mmoja alimtilia shaka jirani yake wa kiti kwa kuwa alikuwa anaandika alama za ajabu. Ndege ikarudi kwenye lango, jamaa akatolewa kwenda kuhojiwa. Alikuwa Guido Menzio, Mwitaliano, profesa wa uchumi, na zile alama zilikuwa hesabu. Mwezi mmoja kabla yake, Los Angeles, mwanafunzi Khairuldeen Makhzoomi alishushwa baada ya kuongea Kiarabu na mjomba wake kwenye simu. Na Novemba 2006, Minneapolis, maimamu sita walitolewa kwenye ndege ya US Airways. Waliswali uwanjani, na baadhi yao wakaomba kipande cha kurefushia mkanda wa kiti. Walifungua kesi, ikaisha kwa makubaliano 2009.

Sasa leteni haya hapa Dar. Nani kwetu hanong'oni kitu ndege inapokimbia kuruka? Mwislamu anavuta tasbihi, Mkatoliki ameshika rozari, mlokole anakemea kwa sauti kabisa. Na jasho! Mwezi wa pili, umetoka Mbagala kwa daladala na mzigo kichwani, ufike kwenye ukaguzi ukiwa mkavu kama karani wa benki?

Mlinzi wa Zamu

Mtoa mada, kwa heshima. Nimefanya kazi ya ukaguzi viwanjani miaka mingi kabla ya kustaafu, wapi sisemi. Nyie mnasoma habari za walioonewa kwa sababu hizo ndizo zinazoandikwa. Siku ambayo hakikutokea kitu haiandikwi.

Nchi hii si mgeni wa mambo haya. Februari 1982 ndege yetu ya Air Tanzania iliyokuwa inatoka Mwanza kuja Dar ilitekwa, abiria wakazungushwa Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted kule Uingereza. Walioiteka walikuwa vijana wa Kitanzania wa kawaida, hakuna aliyekuwa na pembe. Na tarehe 7 Agosti 1998 watu 11 walikufa hapa hapa Dar ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Wengine wetu tulisikia kishindo kile kwa masikio yetu.

Halafu mnadhani mashine inaona kila kitu. Aprili 1986, uwanja wa Heathrow, dada mmoja mjamzito kutoka Ireland alipita ukaguzi wa uwanja vizuri kabisa. Walinzi wa El Al, shirika la ndege la Israel, ndio waliomhoji, majibu yake hayakuwakaa sawa, wakapekua begi lake wakakuta baruti chini yake. Mchumba wake ndiye aliyempa, yeye hakujua lolote. Ndege ilikuwa ya watu zaidi ya 370. Wangesema "mama wa watu, mwacheni apite", leo tungekuwa na mjadala mwingine.

Kipawa Kwetu

Hapo 1986 umemaliza kazi, mkuu.

Mwalimu wa Hesabu

Haijaisha. Ruhusuni nipige hesabu ndogo, ya mfano tu.

Jengo la tatu la uwanja wetu wa Julius Nyerere, lililozinduliwa Agosti 2019, limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Tuseme tumepata walinzi hodari mno, ambao katika kila abiria 1,000 wasio na hatia wanamkosea mmoja tu. Likijaa, hao ni watu 6,000 kwa mwaka. Wenye nia mbaya kati yao ni wangapi? Huenda mwaka mzima asiwepo hata mmoja. Ndiyo maana dalili za "anaonekana ana wasiwasi" hazifai kuwa hukumu, hata zikiwa mikononi mwa mtu makini. Wasiwasi ni wa wengi, bomu ni la mmoja.

Wamarekani walilijaribu hili kwa fedha. Mamlaka yao ya usalama wa usafiri, TSA, ilianzisha mpango mkubwa wa maofisa wa kusoma tabia za abiria. Ukala dola zipatazo milioni 900 tangu 2007. Novemba 2013 wakaguzi wa serikali yao, GAO, wakatoa ripoti: uwezo wa binadamu wa kumtambua mwongo kwa kumtazama ni sawa na kubahatisha, au unazidi hapo kidogo tu. Wakashauri fedha zipunguzwe.

Binti wa Kinondoni

Mnaongea jasho na dua, hamjagusa nywele. Mimi nasuka, na ninajua wateja wangu wanaosafiri wanavyorudi wakilalamika. Mashine haikulia, mtu anatumbukiza vidole kwenye rasta zako mbele ya foleni nzima. Wenzako wenye nywele zilizonyooka wanapita. Kule Marekani wanawake weusi walilalamikia hilo, na 2015 TSA ikakubali kuwafunza upya watu wake kuhusu upekuzi wa nywele. Maana yake walikuwa wanakosea. Hapa kwetu nani amefunzwa upya? Si ajabu kukuta anayekupekua naye kasuka vilevile.

Mzaramo wa Buguruni

Mimi niko upande wa walinzi kwa jambo moja: utani. Sisi tumelelewa kwenye utani wa makabila, msibani tunamcheka maiti, tukifika kwenye ukaguzi tunataka tumtanie Msukuma wa watu: "begi hili lina bomu la kwenu." Wee! Pale hakuna mtani.

Ila na wao wanazidisha. 2010 Mwingereza Paul Chambers aliona uwanja umefungwa kwa theluji, akaandika Twitter kwa hasira kwamba usipofunguliwa ataulipua. Mtu yuko nyumbani, ana hasira zake za safari. Alikamatwa, akatiwa hatiani, akapoteza kazi. Ikachukua hadi Julai 2012 Mahakama Kuu yao kusema huu haukuwa hata utishio.

Kipawa Kwetu

Na yule daktari aliyeburutwa Chicago 2017 damu inamtoka?

Mtoa mada

Huyo David Dao yake ilikuwa vita ya viti, kampuni ilitaka kupandisha wafanyakazi wake. Ila waliomburuta ni askari wa usalama wa uwanja. Wakiitwa kwa jambo la tiketi, wanakuja na mikono ya kukamata mhalifu. Tuiache, itatupoteza.

Nirudi kwa Mlinzi, maana hoja yake ya 1986 ndiyo nzito kuliko zote na sitaki kuikwepa. Mkuu, itazame tena. Yule dada hakutoka jasho wala hakunong'ona, maana hakujua amebeba nini. Walinzi wangekuwa wanatafuta mtu wa kutisha, ni wa mwisho ambaye wangemgusa. Alikamatika kwa maswali ya kawaida: unakwenda kufanya nini, utafikia wapi, begi alikufungia nani. Kisha wakafungua begi. Ndicho ninachokiomba!

Upande wa pili yupo Richard Reid, yule wa viatu. Tarehe 21 Desemba 2001, Paris, watu wa usalama walimtilia shaka kwa sura yake na kwa kusafiri bila mzigo. Polisi wakamhoji hadi ndege ikamwacha. Yaani jicho la kutambua tabia lilifanya kazi yake yote. Kesho yake akapanda, na baruti ikiwa kwenye viatu. Walichunguza uso, viatu hakuna aliyevitazama. Tukaja kuvuliwa viatu sisi kwa miaka, Wamarekani wenyewe wameacha sharti hilo 2025.

Wa mwisho ni Abdulmutallab, Mnigeria aliyejaribu kulipua ndege ya kwenda Detroit siku ya Krismasi 2009. Baba yake mzazi alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja kuwaonya, mwezi mmoja kabla. Taarifa hiyo ilikuwa kama dhahabu, nayo haikufanyiwa kazi. Baruti akaivaa ndani ya chupi, akapita Lagos, akapita Amsterdam. Siku mbili baadaye, tarehe 27, safari ile ile namba 253 ya kwenda Detroit, Mnigeria mwingine alikaa msalani muda mrefu. Ndege ikapokewa na polisi. Maskini alikuwa tumbo linamsumbua, basi. Aliyeripotiwa na baba yake alipanda, wa kuharisha akakamatwa.

Mlinzi wa Zamu

Hilo la 253 linauma, sibishi. Ila ngojeni niwaambie jinsi kazi ile ilivyo, maana mnatusema kama tuna roho mbaya.

Nikimzuia abiria kumi wasio na kosa, bosi haniulizi. Atakayeniuliza ni abiria, naye ataondoka. Nikimwachia mmoja mwenye kosa, mimi ndiye wa kwanza kuitwa, jina langu liko kwenye karatasi ya zamu. Sasa wewe ungekuwa mimi, saa nane usiku, mbele yako kijana anatetemeka, ungeegemea wapi? Mkitaka tubadilike msitubembelezee utu, badilisheni anayeulizwa.

Na msisahau juu angani ni kwingine. Rubani hana pa kupaki aite polisi. Mkataba wa Tokyo wa 1963 umempa mamlaka ya kumdhibiti na kumteremsha mtu akiwa na sababu za msingi, na unamkinga asishtakiwe kwa hilo.

Mwalimu wa Hesabu

"Sababu za msingi", mkuu. Kumwona mtu anaandika hesabu si mojawapo, la sivyo na mimi nisipande.

Mtoa mada

Mlinzi, umesema jambo ambalo kijiweni hatukulifikia: badilisheni anayeulizwa. Basi pendekezo langu liko hapo. Abiria akiteremshwa ndege ikiwa bado chini, apewe karatasi kabla mlango haujafungwa: nini kilionekana, nani kaamua, saa ngapi. Nakala iende kwa TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Akikutwa safi, asafirishwe kwa ndege inayofuata bila kulipa senti.

Mlinzi wa Zamu

Karatasi itaua taarifa. Mama aliyeona kitu cha kweli atanyamaza akijua jina lake litaandikwa.

Mtoa mada

Jina la mama lifichwe. Sababu isifichwe. Ukilazimika kuandika kwa mkono wako "ameteremshwa kwa kuvuta tasbihi", kalamu itasita yenyewe.

Binti wa Kinondoni

Na upekuzi wa nywele uwemo kwenye karatasi hiyo. Na aandike kwa nini kachagua kichwa changu.

Mlinzi wa Zamu

Sababu bila jina, naweza kukubali. Nywele, aandike msimamizi, si kijana wa mkanda wa mizigo, mshahara wake hautoshi kwa hayo. Ndege inayofuata bila kulipa ndiyo napinga kabisa. Hamuwajui abiria nyie. Ndege ya mwisho ya jioni ikijaa, mtu anayetaka alale Dar kwa gharama za kampuni atajitetemesha mwenyewe hapo mlangoni.

Mzaramo wa Buguruni

Hoteli na chakula cha jioni vimo? Nauliza tu.