MJADALA: Skrepa ya alumini iyeyushwe tanurini au isuguliwe ikiwa ngumu hivyo hivyo?

Mleta mada:
Wakuu, siku hizi likitajwa suala la kurisaiko alumini lazima atokee mtu aseme matanuri yamepitwa na wakati, eti hela za umma zihamie kwenye mashine za msuguano. Kwa asiyeijua hiyo kitu: unachukua vile vinyuzi vilivyojikunja vinavyotoka kwenye leti (mashine ya kukerezea), unavishindilia kwenye silinda, dai (kile kipande cha chuma kigumu chenye tundu la kutolea umbo) inazunguka huku inakandamiza, msuguano unaleta joto, mara nyingi digrii 400 hadi 500 hivi, alumini inalainika bila kuyeyuka (inayeyuka kwenye 660) halafu inatokea tundu la katikati ikiwa waya au fito. TWI, taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza, ndio walioianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wale wale waliotoa uchomeleaji wa msuguano wa kukoroga (friction stir welding) mwaka 1991. Marekani maabara ya Pacific Northwest wana ya kwao, inaitwa ShAPE. Mimi siipingi, ila hoja inayotumika kuinadi, ya kuokoa nishati, naiona dhaifu. Kuyeyusha skrepa tayari kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutoa alumini mpya kwenye boksaiti (mawe ya madini yake). Sasa unachookoa ni kipande cha hiyo 5.

Mchangiaji 1:
Mkuu umeangalia umeme ukasahau alumini inayopotea. Vinyuzi vya leti ni vyembamba, eneo la juu ni kubwa kuliko uzito wake, ukivitia tanurini sehemu nzuri tu inageuka oksidi (alumini iliyoungana na oksijeni) inaelea juu, unaikwangua na alumini nzima nzima imo humo humo. Kwenye msuguano unachoingiza ndicho unachotoa, au karibu. Hiyo ndiyo hoja, sio bili ya umeme.

Mchangiaji 2:
Swali la kizembe: kama haijayeyuka, vile vipande vinashikanaje?

Mchangiaji 3:
Sio swali la kizembe, ndilo lenyewe. Kila kinyuzi kina ngozi ya oksidi ya nanomita chache na hiyo ngozi kuyeyuka kwake ni zaidi ya digrii 2000, kwa hiyo hata tanurini haiyeyuki. Ukiisukuma tu kwa presha, ngozi inabaki katikati ya vipande na unapata kitu kinachong'aa nje ila ukikivuta kinaachia. Kuzunguka kwa dai ndiko kunakoleta tofauti, alumini inasokoteka kama nguo inayokamuliwa, tabaka zinateleza juu ya tabaka, ngozi inapasuka, alumini tupu inakutana na alumini tupu kwenye joto na mgandamizo, basi zinaungana. Oksidi haipotei, inasagika na kutawanyika. Kuna watu waliweka waya wa aloi (mchanganyiko wa metali) tofauti ndani ya bonge la vinyuzi kama alama, wakasukuma, wakakata fito kwa upana na kukuta ile alama imejiviringa mviringo wa konokono kabisa. Na punje za ndani, yaani vile vifuwele vidogo vinavyounda metali, zinabadilika pia: kasoro za mpangilio wa atomi zinarundikana, zinajipanga kuwa kuta, zile kuta zinazidi kugeuka mpaka punje moja kubwa inakatika kuwa nyingi za maikromita chache.

Mchangiaji 4:
Maelezo matamu ila mbona hamsemi dirisha la kufanyia kazi ni jembamba? Dai ikizunguka taratibu joto halitoshi, fito inachanika juu na vipande havijashikana. Ikizidi, inapasuka kwa joto. Kila aloi na spidi yake. Halafu huo msokoto haulingani: ukingoni mkubwa, kwenye kitovu unakaribia sifuri, yaani pale pale katikati ndipo oksidi inaweza kubaki haijavunjika vizuri. Na tusidanganyane kuhusu chuma kile cheusi, skrepa ikija na boliti na screw zilizosagika, msuguano hauondoi kitu.

Mchangiaji 1:
Kwani tanuri linakiondoa hicho chuma? Kikishayeyukia humo hakuna njia rahisi ya kukitoa, wanachofanya ni kuongeza alumini safi kupunguza makali. Msuguano angalau unazivunjavunja zile chembe ngumu za chuma na alumini zikawa ndogo, hazianzishi ufa kirahisi.

Mleta mada:
Sawa, hapo kwenye alumini inayopotea nimekuelewa na nakubali ni hoja nzito kuliko ya nishati. Ila bado inahusu mabaki ya kiwanda ambayo aloi yake inajulikana na hayajachanganyika. Skrepa ya mtaani, sufuria na fremu za madirisha na injini chungu moja, hiyo naona itaendelea kwenda tanurini maana pale angalau unapima kemia ya uji wote na kuirekebisha kabla ya kumimina. Anayetaka hela ya umma kwa ajili ya mashine za msuguano atuletee fito iliyokatwa na kuangaliwa kwenye hadubini kuanzia ukingoni mpaka kitovuni, sio picha ya waya unaong'aa.

Mchangiaji 4:
Na fito yenyewe ivutwe mpaka ikatike, sio moja, kadhaa za kuanzia mwanzo wa bonge mpaka mwisho, maana joto linapanda kadiri kazi inavyoendelea, mita ya kwanza na ya mwisho sio alumini ile ile.

Mchangiaji 3:
Hilo la joto linarekebishika, wanapunguza mizunguko au wanapooza dai kwa maji. Kitovu ndio kazi, hapo sibishi.