Mrejesho: yule mwenye kigugumizi aliyeogopa usaili

Wakuu, niliwaomba ushauri baada ya kukwama kwenye jina langu mwenyewe mbele ya wasaili watatu. Mmoja alinimalizia sentensi, tena akakosea.

Nimefuata ule ushauri wenu wa kusema mapema kwamba nina kigugumizi. Juzi, usaili wa stoo hapa Dar, nilianza hivi: "Nina kigugumizi, nikikwama naomba mnisubiri." Mabega yakalegea palepale. Jina bado liligoma, ila sikulisukuma kwa nguvu kama zamani. Nilitulia, nikaigusa herufi ya kwanza taratibu, likatoka.

Mazoezi nilifanyia kwenye daladala, kumwambia konda "shusha" kwa sauti. Nimepitilizwa kituo mara mbili, mjue!

Kazi nimepata, majaribio miezi 3. Simu ya ofisini ndiyo bado naiangalia kama nyoka.