Wiki tatu nimeiandika upya makala ya Safari Rally, zile mbio za magari, jamaa kaifuta kwa dakika nne na kuniachia "asante kwa jaribio lako"

Pijo404 (mwanzisha uzi)

Wakuu natetemeka, naandika kwa simu mnivumilie na makosa. Nimetoka kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni sasa hivi, hata nusu saa haijaisha, na mnajua nani kapita. Simtaji. Aliyewahi kuhariri hata mkato mmoja kule anamjua, ni yule yule wa mapitio, yule ambaye ukiweka nukta anakuuliza nukta hiyo umeitoa chanzo gani.

Saa 3:12 usiku nimebonyeza hifadhi. Saa 3:16 katengua YOTE, kairudisha makala ilivyokuwa. Dakika nne. Kwenye maelezo ya hariri kaandika maneno manne tu: "Asante kwa jaribio lako."

Jaribio!!!

Ngoja niwaeleze makala ilivyokuwa kabla sijaigusa, maana mtadhani nakuza. Mtu alichukua ya Kiingereza akaitupia kwenye mashine ya kutafsiri akaondoka zake. Sentensi ya kwanza kabisa inasema Safari Rally ni "mkutano wa hadhara wa magari". MKUTANO WA HADHARA, eti ndiyo "rally". Yaani dereva Ogier katoka kwao Ufaransa kuja Naivasha kuomba kura. Shuka chini kidogo, hatua zote za mbio (stages) zimeitwa "majukwaa", na ile hatua ya mwisho ya Hell's Gate yenye pointi za ziada (Power Stage) imeitwa "jukwaa la umeme". Halafu dereva ambaye gari limemfia njiani, wameandika "alistaafu" (retired). Mwaka 2021 mbio zinarudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, dereva Neuville anaongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho, gari linavunjika nyuma, anaishia hapo hapo na Ogier anachukua ushindi, na sisi kwa Kiswahili chetu tunasoma eti Neuville ALISTAAFU akiwa anaongoza. Mtoto wa shule akisoma pale anajua jamaa kaenda kulima.

Na bado hamjafika kwenye 1973. Mwaka ule madereva Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na penalti sawa sawa, ikabidi itumike kanuni ya kuamua sare, Mehta akapewa ushindi na Datsun 240Z yake. Makala inasemaje? "Mehta alifungwa na Källström." "Tied" ya sare imekuwa kafungwa, mshindi kafungwa! Ushindi wa kwanza kati ya mitano ya Mehta, na hakuna dereva mwingine aliyewahi kufika mitano pale, sisi tumeugeuza kipigo.

Basi nikasema hapana, hii ni aibu, mbio zenyewe zimepita hapa kwetu. Wiki tatu wakuu. Usiku nikitoka kazini naandika kwenye ukurasa wa mazoezi, silali. Nimeanza 1953, zilipoitwa East African Coronation Safari kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalipangwa kwenye madaraja kwa bei ya dukani, sio kwa ukubwa wa injini. Nimeeleza kwa nini magari ya Safari yalifungwa ngao za chuma mbele na bomba la hewa mpaka juu ya paa, kwamba barabara hazikufungwa, dereva anakutana na lori, ng'ombe, twiga na mto umejaa, sasa hewa ikiingizwa chini maji yanaingia kwenye injini na safari imekwisha. Nimeweka 1963, yameanza magari 84 yamefika 7. Nimeweka 1968, yakafika 7 tena, na mshindi akawa yule yule Nick Nowicki na Pijo (Peugeot) 404. Jedwali la washindi mwaka kwa mwaka, dereva, msoma ramani, gari. Kila "jukwaa" nimeligeuza "hatua", kila aliyestaafu nimemrudisha barabarani akaishie njiani kama binadamu wengine.

Dakika nne!! Ile makala kwa urefu ule huwezi hata kuishusha mpaka chini kwa kidole dakika nne. Hakusoma. Naapa hakusoma. Angekuwa kasoma angekwama kwenye jedwali tu kuhakiki majina ya wale Wafini. Kaona rangi ya kijani nyingi kwenye mabadiliko akashtuka kama kaona chatu, akatengua. Na akarudisha mkutano wa hadhara. Kwa mkono wake. Mtu anayejiita mlinzi wa ubora kabonyeza kitufe karudisha "Mehta alifungwa", halafu akaweka juu kigezo, lile bango la ilani, cha "makala hii ni mbegu, unaweza kusaidia kuikuza".

NIMEIKUZA! Umeing'oa wewe!

Asante kwa jaribio lako. Hata tusi ningelielewa, tusi lina heshima yake, mtu anakutukana maana kakuona. Hii ni kama umempikia mtu siku nzima anapita anafunika sufuria anasema hongera kwa kuwasha moto.

Nani mwingine kapitiwa na huyu mtu? Semeni maana najiona nachanganyikiwa.

---

KonaKali

Pole mkuu. Mimi kanitengua mara tisa kwenye makala ya mto. Mto! Nilisema unaelekea mashariki, akasema maoni binafsi.

Bibi_Gia

"Neuville alistaafu" 😂😂😂 mafao yake yalishatoka?

MwanaKedong

Bado anafuatilia, wamemwambia akaongeze kiambatanisho

Bibi_Gia

Kwa vumbi la hatua ya Kedong lile, faili lenyewe halionekani 😂

MsomaRamani

Wakuu mimi huwa sihukumu upande mmoja. Nimeenda kwenye historia ya makala, toleo la mtoa mada bado lipo, nimelisoma. Nanukuu kipengele cha dereva Joginder Singh: "Simba wa Kenya aliunguruma tena mwaka 1974 na Afrika Mashariki nzima ikasimama." Mkuu, hii ni kamusi elezo ama mashairi ya msibani?

Pijo404

Aliitwa Simba na watu wake wenyewe, sikulitunga mimi. Alishinda 1965 na Volvo, 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, mara tatu, wa kwanza kufikisha tatu. Sasa kama sentensi moja imechemka si unaipunguza chumvi hiyo sentensi moja? Unamwaga chungu kizima? DAKIKA NNE.

MsomaRamani

Sio moja mkuu. Nimehesabu. "Källström alibaki ameshika kichwa" iko chini ya 1973, chanzo hakuna. Ulikuwepo?

Pijo404

Kwa hiyo kwa ajili ya kichwa cha Källström turudishe mkutano wa hadhara? Nijibu hilo kwanza.

Mzee_Kabureta

Kijana tulia unywe maji. Mimi miaka ile tulikuwa tunakesha kando ya barabara na redio, gari likipita hulioni, unaona taa halafu unakula vumbi, na unashangilia. Hakuna aliyeuliza chanzo.

FaruDume_KE

Mimi niko Kenya na nimecheka sana, lakini wacha niseme kitu. Mkuu umeandika mistari sita juu ya Bert Shankland na mistari miwili juu ya Ian Duncan. Duncan ameshinda 1994 na Toyota Celica, dereva wa nyumbani, mistari miwili tu? Hiyo ndiyo ilifaa kufutwa bana.

Pijo404

Shankland kashinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, na Pijo 404, akitokea Tanzania. Watanzania wangapi humu wanalijua hilo? Hata mmoja. Ndio maana mistari sita.

KonaKali

Hahaa kumbe jina lako limetoka hapo

FaruDume_KE

Sawa lakini mbio ni zetu. Miaka mingi zimeanzia Nairobi, hatua ziko Naivasha, Soysambu, Elmenteita. Tanzania ilipitiwa tu.

Tanga_Raha

Ilipitiwa tu?? Zimeitwa East African Safari mpaka miaka ya sabini, hiyo East African ni mtaa wa Nairobi?

LuloNdege_UG

Nyinyi gombaneni. Mehta amezaliwa Uganda, ndiye ana ushindi mwingi kuliko wote, na kwenye hiyo jedwali lenu ameandikwa Kenya mara tano. Hiyo ndiyo malalamiko ya kweli, si mambo ya dakika nne.

FaruDume_KE

Aliondoka Uganda wakati wa Amin akaja kwetu, akashindana akiwa kwetu. Amin alifukuza bingwa, sisi tukampokea.

LuloNdege_UG

Amefukuzwa na Amin, hajafukuzwa na sisi.

Tanga_Raha

Hapo umeongea LuloNdege, hilo silipingi

Pijo404

Wakuu tusitoke kwenye mada. Na huyo LuloNdege ana haki, nilianzisha mjadala wa bendera ya Mehta kwenye ukurasa wa majadiliano tangu wiki ya kwanza, nikaweka hoja za pande zote mbili. Mnajua nani hakujibu? Wiki tatu kakaa kimya, mjadala uko wazi, mlango uko wazi, halafu siku ya kuhifadhi ndio anatokea dakika ya nne. Asante kwa jaribio lako!

DadaPicha

Afadhali wewe umeshukuriwa. Mimi nimeenda Naivasha mwenyewe, nimesimama kwenye jua kutwa nzima, nimepiga picha ya Toyota Yaris ya dereva Rovanperä kwa kamera yangu, nikaipakia. Imefutwa kwa sababu ya "hakimiliki haijathibitishwa". Hakimiliki ya nani? Ya kidole changu? Nimeandika kabisa mpiga picha ni mimi. Nimeambiwa nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi.

KonaKali

Ulijaza kile kigezo cha leseni?

DadaPicha

Nilijaza. Nikaambiwa nimejaza cha zamani. Nikajaza kipya, nikaambiwa picha imeshafutwa kwa hiyo kigezo hakina picha. Nimelia wallahi.

Bibi_Gia

Huyo ni yule yule?

DadaPicha

Kwani kuna mwingine?

Mtetezi_wa_Haki

Naona mnamshambulia mtu asiyekuwepo. Kule wahariri hai wa Kiswahili ni wachache mno, jamaa anapitia mabadiliko mamia peke yake, bure, halipwi. Na ukiangalia kwa haki, toleo la mtoa mada kuanzia 1974 mpaka 1990 halina rejeo hata moja. Hata mimi ningetengua, nikamwambia aongeze marejeo.

Pijo404

ANGENIAMBIA! Ndilo ninalolilia hapa tangu juu! Angeandika "ndugu, 1974 hadi 1990 weka marejeo", usiku ule ule ningeweka, ninayo, nimeyapanga kwenye faili. Angebandika kigezo cha "inahitaji vyanzo" juu ya kipengele hicho tu na vingine akaviacha. Kitufe hicho kipo, kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Mkutano wa hadhara wenyewe ulikuwa na rejeo? Haukuwa nalo hata moja, na umekaa pale miaka hajaugusa.

Mtetezi_wa_Haki

Hapo kwenye kigezo nakubaliana na wewe. Lakini punguza na unguruma.

MsomaRamani

Na kichwa cha Källström.

Pijo404

Kichwa nimekitoa tayari. Unguruma nafikiria.

Subaru_Damu

Hivi mbona hakuna anayemtaja Patrick Njiru na ile Subaru Vivio ya 1993? Kagari kadogo kama kiatu kamemaliza Safari. Makala haina Vivio haina maana, bora ilivyofutwa.

Mzee_Kabureta

Hako niliwahi kukasikia, ila gari la Safari ni Datsun. Mehta 79, 80, 81, 82, minne mfululizo na Doughty pembeni anamsomea ramani. Toyota zenu za kushika nafasi nne za juu 2022 na 2023 zinakimbia siku nne zinalala gereji kila usiku.

Subaru_Damu

Mzee McRae kashinda 97 na Subaru, na mwendo wake ule Datsun ingebaki nati mkononi

Mzee_Kabureta

Na 99 kashinda na nini? Na 2002?

Subaru_Damu

...Ford Focus. Lakini roho ilikuwa ya Subaru

Bibi_Gia

Roho ilistaafu 😂

FaruDume_KE

Swali kwa wazee. Jedwali linasema Mehta 1979 na 1980 ni Datsun 160J, halafu 1981 na 1982 ni Violet GT. Alibadilisha gari kweli ama ni kosa la mwandishi? Mjomba wangu anasema ni gari moja.

Mzee_Kabureta

Mjomba yuko sahihi. 160J ni Violet hiyo hiyo, lilikuwa jina la kuuzia nje.

Tanga_Raha

Sasa kwa nini kwenye jedwali yako majina mawili? Msomaji atadhani magari mawili tofauti

Pijo404

Ni familia moja ya Violet wakuu, ila matokeo ya mwaka husika ndivyo yalivyosajiliwa, huwezi kubadilisha jina la kwenye matokeo. Ila kweli linachanganya. Naweza kuweka tanbihi chini ya jedwali, "160J na Violet ni gari la familia moja", mnaonaje?

Mzee_Kabureta

Weka. Na injini ya GT ilikuwa tofauti, useme.

Pijo404

Mzee una maandishi yoyote ya zamani kuhusu hiyo injini? Gazeti, kijitabu, chochote chenye tarehe. Nitumie picha usiku huu nipo macho.