Kidole cha Idi (kundi la Ukoo wa Babu Shee, Tanga)

JUMATANO

07:12 Da Mwana: Assalaam alaykum ndugu zangu. Jana nilikuwa hospitali na Idi. Kidole cha pete, mkono wa kulia, kiungo cha kati: mfupa umesagika na kiungo kimeteguka. Leo siku ya 9 tangu ule mpira umpige nchani mwa kidole. Daktari anataka kumwekea fremu Ijumaa. Tumepungukiwa. Kila nyumba 20,000, namba ni ileile.

07:58 Da Mwana: Watu 14 mmesoma.

08:40 Juma Korogwe: Fremu ya kidole? Itaning'inizwa picha ya nani 😂

08:41 Twaha: Ya golikipa bora wa ndondo

08:41 Juma Korogwe: Aliyekula 5

08:55 Da Mwana: Juma, mtoto anashonea mkono huo. Daktari alinichorea nyuma ya bahasha ya eksirei. Waya mwembamba unapitishwa kwenye kichwa cha pingili ya kwanza, mwingine pingili ya katikati, unaingia ubavu huu unatokea ule. Ncha zinabaki nje, zinakunjwa kama ndoana, raba bendi zinavuta. Kidole kikivutwa, kano zinakaza na kuvirudisha vile vipande mahali pake. Ni vidogo mno, skrubu haishiki. Na humohumo ndani ya fremu anakunja na kukunjua kidole.

10:20 Mama Rehema: Jamani nani ana namba ya fundi friji

12:31 Shangazi Zuhura: Mwana, kwani asifungwe kibanzi tu? Yule mzee wa Muheza bado yupo, anaunga kwa mafuta.

12:33 Da Mwana: Shangazi, kiungo kimetoka mahali pake. Kikifungwa hivyo kitaunga vibaya na kukauka. Na siku zinakwenda, tukichelewa kazi inakuwa kubwa.

12:50 Ba'mdogo Shabani: Mzee wa Muheza huyohuyo wa 2009? Mimi sijasahau. Nilisema Baba apelekwe hospitali, mkasema gharama.

12:52 Shangazi Zuhura: Shabani usianze. Ulikuwa Maskati, ulituma nini? Nani alikuwa anamlisha?

12:52 Twaha: Mama Rehema friji lako linavuja au haligandishi?

12:54 Da Mwana: Twaha!!

15:47 Babu Shee: 🎤 0:41

15:55 Twaha: Kwa wasio na bando, Babu anasema hivi: "Mwanaidi mjukuu wangu. Changu kilifungwa wiki 6, kimenyooshwa. Siku ya kufunguliwa kilikuwa kama kijiti. Hadi leo tonge linanidondoka, na punje za tasbihi nazihesabu kwa macho maana kidole hakizishiki. Zuhura, sikulaumu. Shabani, nawe basi. Idi asifungwe kibanzi. Nimemaliza."

17:26 Shangazi Zuhura: Nimekusikia Baba. Natuma 20,000 sasa hivi.

19:03 Idi: Shikamooni. Nitakaa nayo muda gani? Nina sare 30 za shule.

19:05 Da Mwana: Wiki 4 mpaka 6. Sare mpe mwenzako. Vitundu vya waya utasafisha kila siku kama walivyokuonyesha. Ukiona usaha, wekundu au joto, unarudi hospitali hapohapo. Raba ikilegea usiikaze mwenyewe. Na mazoezi ya kukunja usiyaruke hata kama panauma, ndiyo yatakayokuokoa.

19:06 Idi: Nitalazwa?

19:07 Da Mwana: Ganzi ya mkono tu, jioni unarudi nyumbani. Inshallah.

21:30 Juma Korogwe: Nimetuma 10, iliyobaki mwisho wa mwezi. Pole mdogo wangu, nilikuwa natania.

21:44 Da Mwana: Zimeingia 90,000. Bado nyumba 5. Ijumaa saa 1 asubuhi, nani anamsindikiza? Mimi nina zamu kazini.

21:58 Ba'mdogo Shabani: Naweza, kama Zuhura haendi.

22:10 Shangazi Zuhura: Mimi naenda.

22:31 Da Mwana: Ba'mdogo?

22:40 Mama Rehema: Haligandishi