Tupeane uzoefu: ulikuwa huamini kitu, alafu siku moja kitu ikakushika. Ilikuwaje?

NgegeMkavu (Kisumu):

Wasee salama. Nianze na yangu ndio wengine msione aibu. Niko na miaka 26, mtoto wa Nyalenda, na ndio, napenda wanaume, nimesema mapema ndio wenye wanataka kutukana watukane waende zao sisi tuendelee.

Nililelewa Katoliki ile ya ukweli, mtumishi wa altare kutoka darasa la tano, chetezo nilikuwa nabeba mimi. Kuhusu mimi nilijua nikiwa na 13 na kutoka hapo sala yangu ikawa moja tu: Mungu nibadilishe. Nikiamka nibadilishe, kabla ya mtihani nibadilishe, mpaka komunyo ikiwa bado kwa ulimi nibadilishe. Miaka saba hivi. Kitu ilibadilika ni bei ya unga.

Kufika kampasi nikaacha. Si kwa hasira, ni vile tu unachoka kupigia mtu simu na hashiki. Nikawa ule msee wa kubishana hosteli usiku, ukitaja muujiza nakuuliza ushahidi uko wapi, ukisema umepona nakuuliza ulipimwa hospitali gani. Bado niko hivyo kiasi. Alafu Desemba 2023 Vatikani wakatoa ule waraka wa kuruhusu padri kubariki watu wa jinsia moja wenye wako pamoja, na mimi mwenye sikuwa naamini kitu nikajifungia chooni nikalia. Januari maaskofu wa Afrika wakasema huku kwetu hapana, nikalia tena, nikajikasirikia sana manake sasa nilikuwa nalilia nini?

Sasa juzi juzi, masomo nimemaliza kazi hakuna, anko yangu ni mvuvi hapo Dunga akaniambia badala ya kulala njoo uvute nyavu. Kwa wenye hawajui, omena, wale dagaa wa ziwa, huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa hakuna haja juu taa zenu haziwezi shindana nayo. Mnaacha taa zielee kwa maji, wadudu wanakuja, omena wanafuata, alafu mnazungusha wavu pole pole. Lakini kazi kubwa ni kungoja. Masaa. Wengine wamelala, anko anavuta sigara yake, ziwa limetulia kabisa, na taa za mashua zingine huko mbali unadhani ni mji. Nikajiskia nasema asante. Kwa sauti. Nikashtuka, naambia nani?

Anko aliskia. Akatema mate kwa maji akasema, "Hata Dholuo Nyasaye anaskia," yaani Mungu anaskia hata Kijaluo, akarudi kwa sigara.

Najua usingizi, najua baridi, najua saa tisa usiku ubongo unaweza kukucheza, kwa hivyo msinielezee. Yenye ilinishika ni ingine na niliigundua baadaye nikiwa naanika nyavu: hiyo ndio sala yangu ya kwanza tangu utotoni yenye sikuomba kubadilishwa. Sikuwa nimewahi ongea na Mungu kuhusu kitu kingine! Fikiria mnajuana na mtu miaka saba na stori ni moja tu. Sasa sijui kama niko na imani ama niko na njaa ya usiku, kanisani sijarudi, lakini siku hizi nikiwa ziwani naongea. Leteni zenu, na si mahubiri.

Section58 (Nakuru):

Yangu haina ziwa. Nilipomaliza fom foo mathe alipata picha kwa simu yangu, wiki hiyo hiyo nikapelekwa mapango ya Menengai kufunga siku tatu. Kama hujawahi fika huko, kuna watu hufunga na kuomba ndani ya hayo mapango, wengine wiki nzima, na wengi wanajipeleka wenyewe na wanatoka na amani yao, siwacheki. Mimi nilipelekwa. Pasta mmoja, simtaji, alinishika kichwa masaa akiuliza pepo jina lake, na nilikuwa nimechoka hivyo nikampea jina la mwalimu wetu wa hesabu. Pepo akatoka. Watu wakaimba. Mathe akalia kwa furaha na hiyo ndio sehemu huniuma mpaka leo, juu alikuwa na furaha ya ukweli na mimi ndio nilikuwa najua ni mwalimu wa hesabu.

Siamini. Lakini mwaka huu nimepanda huko mara mbili peke yangu, nakaa pale juu naangalia ile shimo na mvuke wa visima vya stima. Nafanya nini huko sijui. Usiniulize NgegeMkavu, nakujua sasa utataka ushahidi.

MtumishiHalisi:

Tubuni. Hamna cha uzoefu hapa.

NgegeMkavu:

Karibu. Yako ilikuwaje?

Kukhu_Alisema (Bungoma):

Mimi ni dem, napenda madem, natumai naruhusiwa. Kwetu ni Marafiki, Quaker, upande wa Lugulu. Wamishenari wao kutoka Marekani walianza Kaimosi 1902, na sisi Waluhya tulipokea hiyo dini tukaiongezea kwaya, pasta na mahubiri ya masaa mawili. Sasa mimi nikiwa nimeshakata tamaa na kanisa, nikasoma ati Marafiki wa zamani huko Uingereza walikuwa wanakaa tu kimya, hakuna pasta, kila mtu anangoja ule mwanga ulio ndani yake, mtu akisukumwa kuongea anaongea, asiposukumwa wanaenda nyumbani. Nilikasirika! Miaka yote nahubiriwa vile niko mbaya, kumbe dini yetu ilianza na watu wamenyamaza?

Nikamwambia kukhu, nyanya yangu, tujaribu. Tukakaa jikoni, moto unawaka, dakika kama 20. Nikangoja mwanga, nikapata mbu. Alafu kukhu bila kufungua macho akasema, "Yule rafiki yako wa Webuye mbona haji siku hizi?" Mimi kimya. "Mwambie aje, kuku wapo." Basi. Hajawahi sema kitu ingine na sijamuuliza. Kama huo si mwanga basi sijui ni nini, mnaweza nicheka.

Section58:

Hakuna mtu anacheka. Natafuta kukhu wa kukodisha.

Abdi_wa_Kaloleni (Kisumu):

Nitasema kidogo juu Kaloleni kila mtu anajua mtoto wa kila mtu. Sikuwahi acha kuamini, mimi niliacha kujiamini, ni tofauti. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, ile ya kutufunga watu kama sisi, bado kiko, miaka 14, mahakama kuu ilikataa kukiondoa Mei 2019, na tangu mwili wa Edwin Chiloba, mwanaharakati mwenzetu, upatikane kwa lile sanduku Uasin Gishu Januari 2023, huwa nafikiria kabla hata ya kupanda boda usiku. Kwa hivyo mtu akiniambia "jitafute ujitangaze" namuona hajaishi huku. Mimi najitafuta kwa sala ya alfajiri msikitini. Pale kwa safu bega kwa bega hakuna mwenye ananiuliza kitu, na nikisujudu naona niko sawa na wote. Nikitoka nje yanarudi, lakini hizo dakika ni zangu.

MamaWawili (Kakamega):

Watoto wangu habari. Mimi si mwenzenu kwa hayo, mimi ni mama, nimewasoma kimya siku mbili. Kijana wangu wa kwanza aliniambia mwaka jana. Sikumfukuza lakini sikumjibu vizuri pia. Wewe wa ziwa, hiyo sala yako ya miaka saba ndiyo yangu sasa, kila usiku Bwana mbadilishe, Bwana mbadilishe, mpaka mzee wangu huniuliza kama sina maombi mengine. Basi jana nikasema wacha nijaribu, nimuombee kazi na afya tu, hiyo ingine niiache. Nilimaliza haraka sana. Nikabaki nimepiga magoti, sijui niongeze nini juu ya mtoto wangu mwenyewe.

NgegeMkavu:

Mama, mpigie umuulize anapenda kula nini siku hizi, utapata ya kuongeza. Na ukifika kwa kazi nitaje na mimi, anko amechoka na mimi huku.